Goti la Dyson, Maji ya Kocha: Somo Kutoka Msimu wa Hasheem Thabeet

Leo tunaongea kuhusu mpira wa kikapu. Najua wengine mtasema, "Ah, shuleni kwetu ni soka na netiboli tu, hiyo kikapu ya nini?" Subiri kidogo. Goti ni goti, na kiu ni kiu, uwe unacheza mchezo gani. Tutaangalia msimu mmoja wa timu ya wanaume ya chuo kikuu huko Marekani, timu iliyokuwa na Mtanzania ndani yake, halafu turudi hapa hapa Dodoma.

KIJANA WETU

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Hakuanza kikapu utotoni. Alianza akiwa na miaka 15 hivi, yaani umri wa wengi wenu mnaosoma ukurasa huu. Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Urefu wake ni sentimita 221. Ukisimama kwenye mlango wa darasa lako, kumbuka kwamba yeye angelazimika kuinama ili apite.

Msimu wa 2008/2009 ulikuwa wa tatu na wa mwisho kwake chuoni. Kwa wastani alifunga pointi 13.6 kila mchezo, akadaka mipira 10.8 inayorudi kwenye ubao, na kuzuia mitupo 4.2 ya wapinzani. Mwezi Juni 2009 alichaguliwa namba mbili na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ya NBA. Safi sana!

Lakini leo nataka tumtazame mwenzake. Anaitwa Jerome Dyson.

MICHEZO 24, HALAFU MICHEZO 12

Tarehe 11 Februari 2009 Connecticut walicheza na Syracuse. Mpaka siku hiyo walikuwa wamepoteza mchezo mmoja tu tangu msimu uanze. Walishinda na huo pia. Ila Dyson, mmoja wa walinzi wao wa kutegemewa, aliumia goti. Madaktari walipompima waligundua kwamba gegedu la ndani ya goti limechanika. Akafanyiwa upasuaji, na msimu wake ukaishia hapo.

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu. Michezo 24 ya kwanza, ukiwemo ule alioumia, timu ilipoteza mmoja. Michezo 12 iliyofuata, bila Dyson, ilipoteza minne. Mmoja kati ya hiyo minne ulikuwa dhidi ya Syracuse tena, tarehe 12 Machi, New York. Mchezo huo uliongezwa muda mara sita! Badala ya dakika 40 walicheza dakika 70, wakafungwa 127 kwa 117. Pamoja na hayo walifika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, na tarehe 4 Aprili wakatolewa na Michigan State kwa 82 dhidi ya 73.

Sisemi kwamba goti moja ndilo lililowanyima kombe. Mwisho wa msimu wapinzani nao huwa wagumu. Ninachotaka ukione ni hiki: timu ilikuwa inamhitaji Dyson kuliko wakati mwingine wowote, na hata hivyo alikaa nje mpaka apone. Msimu uliofuata alirudi uwanjani na kufunga kama kawaida.

GOTI LA RAFIKI YANGU

Nikiwa kidato cha tatu hapa Dodoma tulikuwa tunajiandaa na mashindano ya UMISSETA. Shule siitaji. Mimi nilikuwa nahodha. Jioni moja rafiki yangu aliruka, akatua vibaya kwenye saruji, tukasikia "ka!" Usiku goti lilikuwa limevimba kama boga.

Akaniambia, "Mshikaji, usimwambie mwalimu. Nikikatwa kwenye timu nimekwisha." Nikanyamaza. Tena nilijiona rafiki wa kweli. Tuliomba maji ya moto jikoni, tukamkanda, tukamchua kwa nguvu huku ameuma shuka asipige kelele. Siku ya nne akafunga bandeji chini ya soksi ndefu, akaingia kucheza. Robo ya pili aligeuka ghafla kufuata mpira, goti likamwachia. Alianguka peke yake, hakuna aliyemgusa.

Leo anatembea vizuri tu kwenye tambarare. Kwenye ngazi lazima ashike ukuta. Kukimbia, basi tena. Hanilaumu, lakini mimi najua kwamba ningesema neno moja kwa mwalimu, huenda leo angekuwa anacheza. Kumficha rafiki aliyeumia sio urafiki, jamani.

GOTI LIKIUMIA, FANYA HIVI

1. Acha kucheza hapo hapo. Usijaribu "kulizoesha."
2. Lipoze. Kama hakuna barafu, chovya kitambaa kwenye maji baridi ya mtungi na ukiweke juu ya goti kwa dakika 15 hivi. Rudia mara kadhaa kwa siku. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi.
3. Funga bandeji, isibane sana. Vidole vikifa ganzi, legeza.
4. Lala na uinue mguu juu ya mto au begi la nguo.

Na haya usifanye siku mbili za kwanza: kukanda kwa maji ya moto na kuchua. Najua nyumbani ndivyo tulivyozoea. Lakini joto na kuchua huongeza damu kwenye sehemu iliyoumia, na uvimbe unazidi.

Nenda zahanati au hospitali bila kuchelewa kama huwezi kupiga hatua nne, kama goti limevimba ndani ya saa chache, kama limekwama halikunjuki, au kama linakuachia ukisimama. Mwambie mwalimu, na mzazi au mlezi. Kama unaogopa kwenda peke yako, nenda na rafiki.

KOCHA ALIYEISHIWA MAJI

Sasa turudi Marekani kwa kisa kingine cha msimu ule ule. Tarehe 19 Machi 2009 Connecticut walishinda mchezo wao wa kwanza wa mashindano ya taifa kwa 103 dhidi ya 47. Kocha wao mkuu, Jim Calhoun, hakuwepo uwanjani. Alikuwa hospitali. Tatizo? Mwili wake ulikuwa umepungukiwa maji. Alitibiwa, akarudi kuongoza mchezo uliofuata.

Hebu fikiria: kocha, mtu asiyekimbia uwanjani, wala hakuwa kwenye jua la Dodoma! Sasa wewe unayefanya mazoezi saa nane mchana mwezi wa Novemba?

Hapa kwetu kuna mtego. Ukicheza Dar es Salaam, jasho linakulowesha na unaliona. Hapa hewa ni kavu na upepo haukomi, jasho linakauka kabla hujaliona. Unajisemea, "Mbona sijatoka jasho?" Iangalie fulana yako ikishakauka. Ile michirizi myeupe ni chumvi iliyotoka mwilini pamoja na maji.

Najua pia kwamba shule nyingine maji ni ya foleni, na kwamba baadhi ya wasichana hawanywi maji makusudi kwa sababu vyoo havifai. Hilo sio kosa la mwanafunzi. Lipelekeni kwenye baraza la shule, lizungumzwe. Wakati huo huo:

- Kunywa glasi moja au mbili saa moja hivi kabla ya mazoezi, halafu mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20. Usisubiri kiu, wala usinywe ndoo nzima kwa mkupuo.
- Angalia mkojo wako. Ukiwa na rangi hafifu, uko sawa. Ukiwa wa njano iliyokolea kama chai ya rangi, kunywa maji.
- Baada ya mazoezi, uji wa uwele, ubuyu au chungwa vinasaidia kurudisha maji na nguvu.
- Muombeni mwalimu mazoezi yawe saa kumi na moja jioni, jua likishapoa.

HII NI HATARI!

Mwenzako akianza kuongea ovyo, kupepesuka au kuzimia kwenye joto, usiseme anajidai. Joto kali la mwili linaweza kuua. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu na viatu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mtu mwingine akimbie kutafuta msaada wa hospitali. Asiyejitambua msimnyweshe kitu, atapaliwa.

JIPIME

Jibu "kweli" au "si kweli," kisha mjadiliane na wenzako.

1. Goti lililovimba leo likandwe kwa maji ya moto usiku huu.
2. Kama sioni jasho, sijapoteza maji.
3. Mchezaji akiniomba nimfichie maumivu yake, rafiki mwema hukubali.

Majibu: yote matatu si kweli. Kama la tatu limekupa shida, hauko peke yako. Mimi nililikosa nikiwa kidato cha tatu, na aliyelipia ni rafiki yangu.

Basi, kijana mwenzangu, kesho ukiingia uwanjani beba chupa yako ya maji. Na ukimwona mwenzako anachechemea, nyanyua mkono umuite mwalimu. Anaweza kukununia wiki nzima. Mwache anune, goti lake litakushukuru.