Redio ya Gari Iliyonyamaza

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika mji wetu wa Dodoma yako magari mengi yaliyotumika kwanza Japani kabla ya kuletwa kwetu. Injini zake bado nzima, lakini redio aghalabu ni bubu, au hutoa mvumo mtupu. Mwenye gari huambiwa, "Redio imekufa, nunua nyingine." Kusudi la somo hili ni kuonyesha ya kwamba mara nyingi redio haikufa, na ya kwamba Fizikia tunayofundishwa darasani yatosha kutuonyesha ugonjwa wake kabla fedha ya mzazi haijatoka mfukoni.

KWANZA: REDIO ISIYOWAKA

Redio ya gari dogo hupata umeme wa volti 12 kwa nyaya mbili. Waya wa kwanza una umeme saa zote, nao hutunza saa na stesheni zilizohifadhiwa. Wa pili hupata umeme ufunguo uzungushwapo, nao ndio huiamsha redio. Waya wa tatu huurudisha umeme kwenye bodi ya gari. Basi, redio ikisahau stesheni zake kila gari lizimwapo, shuku waya wa kwanza.

Ikiwa haiwaki kabisa, anza na fyuzi. Katika magari mengi redio na tundu la kuwashia sigara, ambalo siku hizi twachajia simu, hulindwa na fyuzi moja. Jaribu kuchaji simu hapo. Nayo ikikosa umeme, yaelekea redio haina hatia. Weka fyuzi mpya yenye ampea zile zile. Usiweke kubwa zaidi, wala usifunge kipande cha waya mahali pake, kwani fyuzi ni mlinzi, na mlinzi akiondolewa moto huingia. Ikiungua tena, tafuta nyaya zinazogusana.

PILI: REDIO INAYOWAKA LAKINI HAISHIKI STESHENI

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha bure. Huko Japani matangazo ya FM yalipangwa kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye yakaongezwa hadi 95. Kwetu Tanzania FM ni kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio ya Kijapani ni nzima, ila masikio yake hayafiki ziliko stesheni zetu nyingi.

Dawa yake ni kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita bendi ekspanda. Huwekwa kati ya waya wa antena na redio, na hulishwa umeme wa ufunguo. Kazi yake ni kutoa. Kikishusha megahezi 20, stesheni ya 98 itasikika penye 78, na ya 106 penye 86. Lakini angalia: stesheni ya 92 itashuka hadi 72, na redio haifiki huko. Kwa hiyo kabla ya kununua, andika namba za stesheni mnazozipenda nyumbani, kisha uulize kifaa hicho hushusha megahezi ngapi.

Ikiwa stesheni zote ni hafifu hata mjini, kagua antena na kiungo chake. Lakini mawimbi ya FM husafiri karibu sawa na mwanga, kwa mstari ulionyoka. Ukielekea Kondoa au Mpwapwa na sauti ikafifia nyuma ya vilima, hilo si kosa la redio.

TATU: IKIPASA KUBADILISHA

Vifungo vikiwa vimekwisha, au vumbi la kiangazi limeharibu vyombo vya ndani, nunua nyingine. Pima nafasi kwanza. Redio za kawaida zina upana wa milimita 180, na kimo cha 50 au 100. Toyota nyingi zina nafasi ya milimita 200, nazo huhitaji vipande vya kuziba pembeni.

Baadhi ya redio hudai namba ya siri baada ya kukatiwa umeme, hakikisha unayo. Kisha fungua waya hasi wa betri. Kwa redio nyingi mpya, waya wa njano ni wa umeme wa saa zote, mwekundu wa ufunguo, na mweusi wa bodi. Rangi za gari lenyewe huwa tofauti, hivyo tumia mita. Njano na nyekundu zikiungwa pamoja kwenye umeme wa saa zote, redio yaweza kuwaka usiku kucha, na asubuhi gari lisitake kuondoka. Wala usiunge waya wa spika kwenye bodi. Utaunguza redio mpya.

Msidanganywe na maandishi ya katoni. Wati 50 mara spika nne ni wati 200. Lakini tazama fyuzi iliyo nyuma ya redio: ikiwa ni ampea 10, basi 12 × 10 ni wati 120 tu. Sauti ya wati 200 itatoka wapi?

ZOEZI

1. Stesheni iko penye 104.5, na kifaa hushusha megahezi 20. Utaitafuta wapi?
2. Redio inawaka vizuri, lakini husahau stesheni kila asubuhi. Utakagua waya upi?
3. Kwa nini fyuzi ya ampea 30 isiwekwe mahali pa ampea 10?

Mwenye kuyajibu haya bila kutazama juu, na aende akamsaidie mzazi wake wakati wa likizo.