Mashamba Machache ya Kukagua, Uchague Yapi?

Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, mashamba ya vitunguu ya kumwagilia yamebanana. Wadudu wadogo waitwao thripsi wakiingia, afisa ugani hana muda wa kufika kila shamba. Wengi huanza na yaliyo kando ya barabara kuu, kisha yanayopakana nayo, na shamba la tano likarudia habari ya la kwanza.

Anza na karatasi. Kila shamba liwe nukta, na mstari uwe ile njia inayobeba tatizo. Thripsi hupeperushwa na upepo, husafiri na miche, na huhama vitunguu vinavyokauka kwenda kwenye vichanga. Kuoza kweupe, ugonjwa wa ukungu wa vitunguu, hukaa udongoni, hivyo huhamishwa na maji ya mfereji, jembe na tope la trekta. Kijiji kimoja, ramani mbili. Ukiwasaka thripsi kwa ramani ya mfereji umepoteza siku.

Ramani ya namna hii huweza kusema mengi. Nchini Marekani, Wayne Zachary alichapisha mwaka 1977 utafiti wa klabu ya karate ya watu 34 iliyogawanyika. Kwa kuwajua mahasimu wawili wakuu na nani ana ukaribu na nani, alipatia upande wa watu 33. Nukta chache zilizochaguliwa vizuri husemea nyingi.

Kwa hiyo kagua kwanza kitalu kilichogawa miche kwa wengi. Kisha nenda mpakani, penye shamba lenye wadudu upande huu na safi upande ule, kwa sababu jibu la hapo huamua pande zote mbili. Shamba lililojitenga nalo lisiachwe, maana halina jirani wa kulisemea. Kila ukipata jibu, rudi kwenye ramani kabla ya kuchagua linalofuata.

Shambani, fungua maungio ya majani ya katikati, ndimo thripsi wanamojificha, kisha yakung'ute juu ya karatasi nyeupe. Michirizi ya rangi ya fedha ni dalili yao. Usipokuwa na hakika andika "bado". Jibu la kubahatisha litapotosha na mashamba ya jirani.

Jambo moja nalisisitiza: mashamba uliyoyachagua hivi hayakwambii ni asilimia ngapi ya kijiji imeathirika, kwani umeyafuata makusudi. Halmashauri ikitaka kiwango hicho, andika mashamba yote kwenye vikaratasi, piga kura, ukague yatakayotoka hata kama ni ya mbali.