Njomba, nunua S&P 500!

Mnada wa korosho umeisha, malipo ya chama chako cha ushirika (AMCOS) yameingia benki, na mpwa wako aliyeko Muscat anatuma ujumbe: "Njomba, nunua S&P 500." Wewe uko Newala au Masasi, na hujui hata pa kuanzia. Usimjibu kwanza. Soma haya.

1. Jua unachonunua. S&P 500 ni orodha ya kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani. Mfuko unaofuata orodha hiyo, yaani mfuko wa fahirisi, haubashiri nani atang'ara. Unazibeba zote, kubwa kwa fungu kubwa, ndogo kwa fungu dogo, ndiyo maana ada yake huwa ndogo. John Bogle wa Vanguard alipoufungua wake kwa watu wa kawaida mwaka 1976, wengi walimcheka. Mkulima wa korosho angemwelewa haraka: mali yake yote iko juu ya mti wa aina moja, na ugonjwa wa ubwiriunga ukiingia hauchagui shamba.

2. Kumbuka kangomba. Anayeuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya chini kabla ya mnada, si mjinga. Ada ya mtoto inadaiwa, au kuna mgonjwa, na mnada bado miezi miwili. Mwekezaji asiye na akiba hufanya vilevile: bei iko chini, shida imebisha hodi, anauza kwa hasara. Kwa hiyo tenga kwanza hela ya salfa ya kupulizia mikorosho, palizi, ada na chakula cha kukufikisha Oktoba. Kinachobaki, ambacho hutakigusa kwa miaka mitano au kumi, hicho ndicho cha kuwekeza. Kama hakuna kinachobaki, mwaka huu pumzika.

3. Jifunzie hapa nyumbani. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS ulianza mwaka 2005, na hununuliwa kwa vipande. Si mfuko wa fahirisi, kwa sababu una meneja anayechagua hisa na hatifungani, lakini utazoea kuona thamani ya kipande ikipanda na kushuka bila kukosa usingizi. Na hauhitaji dola.

4. Mpaka una kanuni zake. Mkazi wa Tanzania anayepeleka fedha kununua hisa za nje anakutana na kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu. Iulize benki yako kabla, si baada. Mpwa aliye Muscat ana mlango mpana zaidi, ila asikununulie kwa jina lake. Akitangulia mbele ya haki, karatasi zitasema mali ni yake, na warithi wake hawakujui.

5. Kodi haionekani mpaka ikate. Marekani hukata 30% ya gawio la mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo. Tanzania haina, Oman aliko mpwa nayo haina. Mifuko iliyosajiliwa Ireland, inayofuata orodha ileile, hukatwa 15% tu. Hisa za Marekani zikizidi dola 60,000 mwenyewe akafariki, kuna kodi ya mirathi. (Ukifikisha dola hizo, tualike.)

6. Nunua kwa mafungu. Mwaka 2008 S&P 500 ilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walipogomea bei za mnada, serikali iliingia na Sh3,300 kwa kilo. New York hakuna wa kuingia kwa ajili yako. Dawa ni kugawa hela ya msimu ukanunua kidogo kidogo.

7. Faida ya uhakika kila mwezi? Waulize waliopanda mbegu kwenye upatu wa DECI kabla haujafungwa mwaka 2009. Anayekusanya fedha za uwekezaji mwombe leseni ya CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Akianza kukwepa, mwambie mnada umefungwa.