Nani Mwenye Haki ya Kupiga Kura?

Watu wengi hudhani kuwa kila mtu mzima aweza kwenda kupiga kura siku ya uchaguzi ikifika. Sivyo. Sheria ina masharti yake, na asiyeyajua aweza kufika mbele ya sanduku la kura akarudishwa nyumbani. Katika mji wa Mombasa masharti hayo yamebadilika sana tangu mwaka 1957. Yafaa kila mtu afahamu ni yapi yaliyoondolewa na ni yapi yaliyobaki.

MASHARTI YA ZAMANI

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane. Kwa shauri la Bwana W. F. Coutts, mpiga kura alitakiwa kuwa na walau sifa moja kati ya zile zilizotajwa. Miongoni mwake zilikuwa kumaliza shule ya kati, kuwa na mapato ya paundi 120 kwa mwaka au mali ya paundi 500, na kuitumikia Serikali au jeshi kwa muda mrefu. Aliyekuwa na sifa kadhaa aliweza kupewa kura mbili, hata tatu.

Chukua mfano wa watu wawili wa Bandari ya Kale. Karani mwenye elimu ya shule na mshahara wa shilingi 200 kwa mwezi, ambazo ndizo paundi 120 kwa mwaka, aliweza kupata zaidi ya kura moja. Hamali aliyeshusha mizigo ya majahazi, ikiwa hakusoma, hana mali wala sifa nyingine, hakupata hata moja.

Katika uchaguzi huo Waafrika wa Pwani walimchagua Bwana Ronald Ngala, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa. Mwaka 1958 viti vya Waafrika viliongezwa, na Bwana Francis Khamisi akachaguliwa kuwa mjumbe wa Mombasa.

Wazungu, Wahindi na Waarabu walikuwa na madaftari yao mbali. Jambo hilo lilileta maneno mengi katika Mji wa Kale, kwa kuwa kura ya mtu ilitegemea ameandikwa kuwa wa taifa gani. Wanawake wa Kiarabu nao walinyimwa kura, hali wenzao wa Kizungu na wa Kihindi walikuwa nayo tangu zamani. Katika miaka ya 1950 wanawake wa Mombasa walitia sahihi zao katika ombi kwa Serikali, wakitaka na wao wapewe.

MASHARTI YALEGEZWA

Kwa uchaguzi wa 1961 ilitosha mtu kujua kusoma na kuandika lugha yake, au kupita umri wa miaka 40, au kuwa na mapato ya paundi 75 kwa mwaka. Katika uchaguzi wa Mei 1963 masharti ya elimu na mali hayakuwapo tena. Kila mtu mzima wa miaka 21 alipata kura moja. Mwaka 1974 umri huo ulishushwa hadi miaka 18.

Kenya haikuwa peke yake katika mambo haya. Huko Marekani, majimbo kadhaa ya kusini yaliwazuia watu weusi kwa mitihani ya kusoma na kwa kodi ya kura. Kodi hiyo ilikatazwa katika chaguzi za taifa zima mwaka 1964, na sheria ya 1965 ikaisimamisha mitihani katika majimbo hayo. Tangu 1971 raia wa Marekani hupiga kura akiwa na miaka 18. Lakini katika kila jimbo, isipokuwa North Dakota, ni lazima kwanza ajiandikishe.

MASHARTI YA SASA

Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, anayetaka kuandikwa kuwa mpiga kura hutakiwa atimize mambo haya:

Kwanza, awe raia wa Kenya.
Pili, awe ametimiza miaka 18.
Tatu, awe na akili timamu.
Nne, asiwe amehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyopita.

Hamali wa leo haulizwi cheti cha shule wala mshahara. Lakini aulizwa kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwani bila hati hizo haandikwi. Hapo ndipo wengi wa Pwani walipokwama, maana vijana walitakiwa kuleta hati za wazazi na hata za babu zao kabla ya kupewa kitambulisho. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kwenda Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 kudai haki hiyo, ndipo wakakubaliwa kuwa raia. Wapemba wa Pwani walikubaliwa mwaka 2023. Kabla ya hapo, watu waliozaliwa na kuzeeka Kenya waliwatazama majirani zao wakienda kupiga kura, na wao wakabaki nyumbani.

Basi kijana aliyetimiza miaka 18 na aanze na kitambulisho, kisha aende katika ofisi ya Tume ya Uchaguzi ya jimbo lake. Mkaaji wa Mji wa Kale huandikwa katika jimbo la Mvita. Aliyehamia Kisauni au Likoni, akitaka kupiga kura huko, hana budi kuomba jina lake lihamishwe, kwani mtu haruhusiwi kuandikwa mahali pawili. Siku ya kura huonyesha hati ile ile aliyojiandikisha kwayo. Wala asingoje mpaka uchaguzi uwe mlangoni. Daftari hufungwa kabla ya siku ya kura, na likiisha kufungwa, asiyeandikwa hana la kufanya ila kungoja uchaguzi mwingine.