Zebaki Nyumbani: Mzio wa Ngozi na Madhara Yasiyowasha

Zebaki ni ile metali ya majimaji inayong'aa kama fedha ndani ya kipimajoto cha kioo. Ikimwagika hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu, na kadiri joto linavyopanda ndivyo mvuke unavyoongezeka. Kwa Lodwar, ambako nyuzi 35 za mchana ni jambo la kawaida, hilo si dogo.

Wengi hukutana na zebaki bila kujua, kupitia krimu na sabuni za kung'arisha ngozi. Huwekwa humo kwa sababu huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Watu wachache wana mzio nayo: ngozi huwasha, huwa nyekundu na kutoa vipele, wakati mwingine hata kwapani na kwenye mapaja ambako krimu haikupakwa. Hao angalau huonywa mapema na kuacha. Asiye na mzio haoni upele wowote, na zebaki huendelea kupenya ngozi mpaka kwenye figo.

Kenya inalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1972 ulichapishwa utafiti kuhusu wagonjwa wa figo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu zenye zebaki. Ugonjwa wao huvimbisha uso na miguu, na protini hupotea kwenye mkojo, ambao huweza kutoa povu. Baadhi yao walipata nafuu baada ya kuacha krimu.

Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki. Hata hivyo, mnunuzi wa Lodwar au Kakuma asome mkebe mwenyewe. Maneno ya kutafuta ni "mercury", "mercurio", "mercuric" na "calomel". Mkebe usioandikwa viambato usinunuliwe. Dalili nyingine ni onyo kwamba krimu isiguse vito vya fedha, dhahabu au alumini: krimu inayoharibu bangili haifai shavuni. Mtoto naye huweza kudhurika bila kupakwa, kwa taulo, shuka na mikono ya mama. Mjamzito aiache kabisa.

Kipimajoto kikivunjika, watoto watolewe nje na madirisha yafunguliwe. Ufagio usitumike, kwani hutawanya matone. Yakusanywe kwa karatasi ngumu, yale madogo yanaswe kwa utepe wa gundi, kisha yote yafungwe ndani ya chupa yenye kifuniko na kupelekwa kituo cha afya kwa ushauri. Yasimwagwe chooni. Balbu ya floresenti ikipasuka, chumba kiachwe wazi dakika kumi kabla ya kuokota vipande.

Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, hatari kubwa iko kwenye kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu. Anayeuchoma jikoni huwavutisha mvuke huo wote waliolala humo. Kupepeta kwa karai hakuhitaji zebaki.

Mwenye vipele visivyopona, uvimbe wa uso au mikono inayotetemeka aende Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Lodwar, au kituo kilicho karibu naye Kakuma, mkojo upimwe protini. Mkebe wa krimu usitupwe kabla ya hapo. Aende nao, umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ili mhudumu aone kilichopakwa.