Somo la 7: Kutoka Mlangoni Hadi Mezani

SABATO ALASIRI – Mei 10

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 1:26, 27, Mdo. 10:9–35, Mdo. 17:26, Efe. 2:13–18, Mt. 5:43–48, Gal. 2:11–14, Lk. 19:1–10.

Fungu la Kukariri: Matendo 10:34, 35. Lisome kwa sauti katika Biblia yako, kisha ulieleze kwa maneno yako mwenyewe. Petro alijifunza nini kumhusu Mungu akiwa ndani ya nyumba ambayo zamani asingekubali kuingia?

Tarehe 17 Mei 1954, majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walitoa hukumu kwa kauli moja: kuwatenga watoto shuleni kwa sababu ya rangi yao ni kuvunja katiba. Tangu mwaka 1896 mahakama hiyohiyo ilikuwa imeruhusu weusi na weupe watenganishwe, mradi tu huduma zao ziwe sawa. Sasa mlango uliokuwa umefungwa kisheria ukafunguliwa.

Lakini mlango kufunguliwa ni jambo moja, na watu kuketi pamoja mezani ni jambo lingine. Waliozuia watoto weusi wasiingie shuleni wengi wao walikuwa watu wa kanisani, wenye Biblia nyumbani. Juma hili tutajifunza jinsi injili inavyodai kitu ambacho hakimu hawezi kukiamuru, na kwa nini hilo halitupi sisi ruhusa ya kudharau haki.

*Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ya Mei 17.*

JUMAPILI – Mei 11
Wa Damu Moja

Soma Mwanzo 1:26, 27 na Matendo 17:26. Mafungu haya yanasema nini juu ya asili ya wanadamu wote? Je, yanaacha nafasi yoyote ya kundi moja kujiona bora kuliko jingine?

Katika wilaya ya Clarendon, jimbo la South Carolina, watoto weupe walikuwa na mabasi ya shule. Watoto weusi hawakuwa na hata moja. Wengine walitembea maili nyingi kila asubuhi. Mwaka 1947 wazazi, wakisaidiwa na mchungaji na mwalimu Joseph DeLaine, waliomba jambo dogo tu: basi. Walikataliwa. Ombi hilo la basi likakua likawa mojawapo ya kesi tano zilizofika Mahakama ya Juu. DeLaine alipoteza kazi yake ya ualimu na nyumba yake ikateketezwa kwa moto.

Utengano haukuharibu miguu ya watoto tu. Wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, waliwapa watoto wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Watoto weusi wengi walimchagua mwanasesere mweupe kuwa ndiye mzuri, na mweusi wakasema ni mbaya. Kisha wakaulizwa ni yupi anayefanana nao.

Fikiria uzito wa swali hilo kwa mtoto. Biblia inamwambia kwamba ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Jamii inamwambia, kila siku, kwamba sura yake ni aibu. Kwa hiyo ubaguzi si kosa dhidi ya jirani peke yake. Ni tusi kwa Muumbaji, ambaye sura yake imo ndani ya huyo anayedharauliwa.

*Ni maneno gani yanayosemwa nyumbani kwako au kanisani kwako kuhusu kabila, rangi au asili ya watu, ambayo mtoto akiyasikia atajiona duni, au atamwona mwenzake kuwa duni?*

JUMATATU – Mei 12
Ukuta wa Katikati

Soma Waefeso 2:13–18. Paulo anataja ukuta gani, na Kristo aliufanyia nini?

Wasomaji wa Paulo walijua ukuta wa kweli. Katika hekalu la Yerusalemu palikuwa na kizuizi cha mawe kilichowazuia watu wa Mataifa wasiende mbele zaidi. Mwaka 1871 lilipatikana jiwe lenye onyo lililokuwa limewekwa pale: mgeni akipita, kifo chake kiko juu yake mwenyewe. Nyumba iliyokusudiwa iwe ya sala kwa mataifa yote ilikuwa na mpaka ambao kuuvuka kulimaanisha kufa.

Walioutetea utengano Marekani walisema hakuna ubaya ikiwa kila upande una shule yake. Hukumu ya mwaka 1954 ilikataa hoja hiyo. Hata kama majengo na vitabu vingelingana, majaji walisema, tendo lenyewe la kuwatenga watoto ni ukosefu wa usawa, kwa maana linapanda moyoni mwa mtoto hisia ya kuwa duni. Wakili mkuu wa wazazi alikuwa Thurgood Marshall, mzao wa watumwa, ambaye mwaka 1967 aliketi katika mahakama hiyo akiwa jaji wa kwanza mweusi.

Angalia jinsi hoja hii inavyokaribiana na ya Paulo. Hasemi kwamba Kristo aliwajengea watu wa Mataifa hekalu lao zuri upande wa pili. Anasema aliubomoa ukuta, akawafanya wawili kuwa mtu mmoja mpya, kwa gharama ya mwili wake mwenyewe.

*Je, kuna mahali ambapo tunasema, “Wao wana ya kwao na sisi tuna ya kwetu,” na kuita hali hiyo amani? Utajuaje kama ni amani ya kweli au ni ukuta?*

JUMANNE – Mei 13
Sala ya Mtoto wa Miaka Sita

Soma Mathayo 5:43–48. Yesu anataka tuwatendee nini wanaotutesa? Anatoa sababu gani?

Hukumu ilitolewa mwaka 1954, lakini utekelezaji ulicheleweshwa kwa miaka. Tarehe 14 Novemba 1960, Ruby Bridges, mtoto wa miaka sita, alipelekwa katika shule ya msingi ya William Frantz mjini New Orleans. Maofisa wa serikali kuu walimsindikiza, kwa sababu nje kulikuwa na umati ukipiga kelele na kutukana. Mtu mmoja alishika mwanasesere mweusi ndani ya jeneza. Wazazi weupe waliwaondoa watoto wao. Mwalimu mmoja, Barbara Henry, mwanamke mweupe kutoka Boston, ndiye aliyekubali kumfundisha. Kwa mwaka mzima aliketi naye darasani, wawili peke yao.

Familia ililipa gharama. Baba alifukuzwa kazi. Babu na bibi waliokuwa wakilima shamba la mtu huko Mississippi walitimuliwa.

Asubuhi moja mwalimu alimwona Ruby amesimama katikati ya umati, midomo yake ikitikisika. Alidhani anajibizana nao. Kumbe alikuwa anaomba. Alikuwa na kawaida ya kuwaombea kabla ya kufika shuleni, na siku hiyo alikuwa amesahau. Daktari Robert Coles, aliyekuwa akimtembelea, alishangaa kwamba mtoto huyu aliomba Mungu awasamehe watu hao kwa kuwa hawakujua walichokuwa wakifanya. Alijifunza sala hiyo wapi, kama si kanisani na kwa mama yake?

Lakini tuwe waangalifu. Sala ya Ruby haikumfanya abaki nyumbani. Aliwaombea, kisha akapanda ngazi akaingia darasani. Kuwapenda adui si kuikubali dhuluma. Wale wanaowaambia walioonewa wasamehe na kunyamaza hawajamwelewa Yesu, wala hawajamwelewa Ruby.

*Ni nani ambaye jina lake ni vigumu kwako kulitaja katika maombi? Jaribu kulitaja leo.*

JUMATANO – Mei 14
Petro Alipoinuka Mezani

Soma Matendo 10:9–35 na Wagalatia 2:11–14. Petro alijua nini tayari? Kwa nini basi alitenda kinyume, na kwa nini Paulo alimkemea mbele ya wote?

Kosa la Petro huko Antiokia halikuwa la mafundisho. Alikuwa ameona maono, ameingia nyumba ya Kornelio, ametetea jambo hilo mbele ya ndugu. Aliinuka mezani kwa sababu ya hofu ya watu. Na alipoinuka, wengine walimfuata, hata Barnaba. Paulo hakuliita jambo dogo la adabu. Alisema ni kuiacha kweli ya injili.

Nasi tuna Antiokia yetu. Machi 1891 Ellen G. White aliwaonya viongozi wa Konferensi Kuu juu ya wajibu wao kwa Wamarekani weusi. Mwaka 1895 mwanawe Edson alifika Vicksburg, Mississippi, kwa meli ya mvuke *Morning Star*, akaanzisha shule za kuwafundisha watu weusi kusoma. Mwaka 1896 shule ya Oakwood ilifunguliwa Huntsville, Alabama. Baadaye, vitisho na ghasia zilipozidi Kusini, Ellen White alishauri ibada zitenganishwe kwa wakati ule ili kazi isikwame. Ushauri wa wakati ukageuzwa kuwa desturi.

Mwaka 1943 Lucy Byard, Mwadventista mweusi kutoka New York, aliletwa akiwa mgonjwa katika hospitali yetu mojawapo karibu na Washington. Ilipojulikana kwamba ni mweusi, alikataliwa akahamishiwa kwingine. Alifariki muda mfupi baadaye. Waumini weusi walilia na kudai haki, na mwaka 1944 kanisa likapitisha mpango wa konferensi za kanda zilizoongozwa na weusi wenyewe. Hospitali iliyomkataa ilikuwa ikitangaza ujumbe uleule wa malaika watatu ambao Lucy aliuamini, ujumbe wa kila taifa na kabila na lugha na jamaa.

*Je, umewahi kuinuka mezani, kwa kunyamaza au kwa kujitenga, kwa kuogopa watu wa kwenu watasema nini?*

ALHAMISI – Mei 15
Zakayo Alirudisha

Soma Luka 19:1–10. Zakayo alifanya nini baada ya kumpokea Yesu? Yesu alisema wokovu umefika lini?

Tarehe 4 Septemba 1957 wanafunzi tisa weusi walitarajiwa kuingia shule ya sekondari ya Central, Little Rock, Arkansas. Elizabeth Eckford, miaka 15, alifika peke yake, kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na simu ya kumpa taarifa kwamba wenzake wangekutana kwanza. Askari walimzuia, na umati ukamfuata. Katika picha iliyozunguka dunia yote, nyuma yake anaonekana msichana mweupe, Hazel Bryan, amefunua kinywa akipaza sauti kwa chuki.

Miaka michache baadaye Hazel alimpigia Elizabeth simu, akaomba msamaha. Mwaka 1997 walikutana, wakapigwa picha pamoja, wakawa marafiki. Wengi walifurahi. Lakini urafiki huo ulivunjika. Elizabeth aliona kwamba mwenzake hajayakabili yote yaliyotokea. Hazel naye alichoka kuona kwamba hatakiwi kusahau kamwe. Picha ya upatanisho ilipigwa kwa dakika moja. Upatanisho wenyewe ulihitaji zaidi ya hapo.

Tazama pia wilaya ya Prince Edward, Virginia. Mwaka 1951 Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliwaongoza wanafunzi wenzake kugoma kwa ajili ya hali mbaya ya shule yao. Kesi yao nayo ikafika Mahakama ya Juu. Wilaya ilipoamriwa kuchanganya watoto, iliona afadhali kuzifunga shule zote za umma kuanzia mwaka 1959 hadi 1964. Watoto weupe walifunguliwa shule binafsi. Watoto weusi wengi walikosa masomo kabisa. Mwaka 2004 jimbo la Virginia lilianzisha mfuko wa kuwasomesha wale walionyimwa shule, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye mvi. Haikurudisha utoto wao. Hata hivyo ilikuwa ni kukiri kwa mkono, si kwa mdomo tu.

Zakayo hakusema, “Yaliyopita si ndwele.” Alihesabu alichochukua, akarudisha mara nne.

*Je, kuna mtu ambaye ulimwomba msamaha bila kumrudishia ulichomnyang'anya, iwe mali, nafasi au jina jema? Hatua yako inayofuata ni ipi?*

IJUMAA – Mei 16

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma Isaya 58:6–12, Yakobo 2:1–9 na Ufunuo 7:9, 10.

Hukumu ya mwaka 1954 ilifungua milango mingi, lakini safari haikuisha. Shule zilipounganishwa, walimu weusi kwa maelfu walipoteza kazi. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Detroit, ilizuia mpango wa kuchanganya watoto kwa kuvuka mipaka ya mji na vitongoji vyake. Kwa kuwa weupe wengi walikuwa wamehamia vitongojini, shule nyingi zilibaki zimetengana bila sheria yoyote ya utengano.

Sisi wa Afrika Mashariki tusiitazame habari hii kwa mbali. Chini ya ukoloni, Kenya na Tanganyika nazo zilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, Thurgood Marshall alikwenda London kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba. Mtu aliyewatetea watoto weusi waliokuwa wachache kwao aliandaa rasimu ya haki ambazo zingewalinda pia Wazungu na Waasia, waliokuwa wachache Kenya. Alijua kwamba haki isiyomlinda asiyekuwa wa kwenu si haki.

Maswali ya Kujadili:

1. Petro alijua kweli, lakini aliogopa watu. Je, tatizo kubwa la kanisa lenu ni kutojua au ni kuogopa? Toeni mifano bila kumtaja mtu kwa jina.

2. Wengine husema, “Sheria haiwezi kubadili moyo, kwa hiyo kanisa lisijishughulishe na sheria.” Hukumu ya mwaka 1954 ilifanya nini ambacho mahubiri hayakuwa yamefanya? Na ni nini ambacho haikuweza kufanya?

3. Angalieni viongozi wa kanisa lenu, vikundi vya kwaya na mahali watu wanapoketi wakati wa mlo wa pamoja. Je, kabila, lugha au kipato kinaonekana? Ni hatua gani moja ambayo darasa lenu linaweza kuichukua kabla ya robo hii kwisha?

4. Konferensi za kanda zilizaliwa kutokana na maumivu, nazo zimewaandaa viongozi wengi. Ni wakati gani kujitenga ni njia ya walioonewa kusimama, na ni wakati gani ni ukuta? Jadilini kwa upole, mkikumbuka kwamba huenda katika darasa lenu yupo ambaye jambo hili limemuumiza.