Hema Kando ya Ziwa

Likizo moja mimi na watu wa nyumbani mwangu tulikwenda kupiga hema ukingoni mwa Ziwa la Victoria, si mbali na Mukendo, Musoma. Nilichagua mahali penye mchanga laini, ndani ya kijito kilichokauka. Mzee mmoja mvuvi akapita, akatazama, akasema, "Mwalimu, hapo ni njia ya maji. Yakirudi hayabishi hodi."

Jua lilikuwa kali, nami, nakiri, niliona uvivu. Mama watoto akaanza kung'oa vigingi peke yake. Nikaona haya, nikamsaidia. Tukahamia mahali pa juu, mbali na mti uliosimama pweke, kwa kuogopa radi, tukachimba mfereji kuzunguka hema.

Sasa fahamuni jambo hili. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, na upepo wa baridi huvuma kutoka ziwani kushika nafasi yake. Usiku nchi hupoa upesi, bali maji hukaa na ujoto wake. Ndipo upepo hugeuka kwenda ziwani. Pepo hizo za usiku, zitokazo pande zote, zikikutana juu ya maji, hewa yenye unyevu hupanda na kufanya mawingu ya mvua na radi. Kwa hiyo tufani nyingi za katikati ya ziwa hili huwa za usiku, ijapokuwa mchana ulikuwa mweupe.

Saa nane usiku mvua ikaja. Kulipokucha, maji mekundu yalikuwa yakipita kwa nguvu kijitoni, kina chake magotini. Mtoto wetu mdogo alikuwa angali amelala.